Sanduku la Bi Harusi Lianze na Vipimo



Mwezi wa Mfunguo Mosi ukiingia, Darajani hapapitiki. Ukitazama vizuri utaona makundi ya wanawake watatu watatu, wifi mkubwa, wifi mdogo na shangazi yao, mmoja ameshika orodha na mwengine ameshika mkoba wa pesa. Wanatafuta vitu vya sanduku. Doti za kanga, madira, mabaibui, viatu, mafuta mazuri, udi. Mwisho kabisa, sauti zikiwa zimeshuka, wanaingia duka la nguo za ndani na za kulalia. Muuzaji anawauliza suali moja tu: bi harusi mnene au mwembamba? Wanatazamana. Mmoja alimwona siku ya posa, amekaa, amevaa baibui na mtandio mpana. Basi anajibu, "Wa kiasi." Zinafungwa seti saba, moja kwa kila usiku wa fungate, zote saizi moja, na sanduku linakwenda.

Leo tunataka kulisema neno hilo, "wa kiasi". Hakuna mwanamke aliyeumbwa kwa kiasi. Kuna mwenye kifua kikubwa na kiuno cha nyigu, kuna aliyejaa chini na juu mwembamba, kuna kimbaumbau, kuna kibonge, kuna mfupi wa miguu na mrefu wa kiwiliwili. Na wote hao wanapewa seti ile ile ya lesi nyekundu.

Matokeo yake tunayajua, ingawa hayasemwi ukumbini. Mwari anafungua sanduku, anajaribu. Sidiria haifungi mgongoni, au inafunga lakini vikombe viko tupu. Chupi imemkata tumbo vipande viwili. Kigauni cha kulalia kimesimama juu ya nyonga hakishuki. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe: mwari huyo hasemi "nguo hii imekatwa vibaya". Anasema "mimi mnene mno", au "mimi sina kifua". Anairudisha nguo ndani, anajifunga kanga mpaka kwapani, anazima taa. Anaanza ndoa yake anajificha kwa mume wake wa halali, kwa sababu ya kitambaa kilichokatwa kwa mtu mwengine kabisa. Wapo wanaoendelea kujificha miaka.

Sisi msimamo wetu ni mwepesi: vipimo vya bi harusi viandikwe kwenye kikaratasi, na kikaratasi hicho kiende upande wa mume pamoja na mazungumzo ya sanduku, kabla hakijanunuliwa kitu. Kitoke kwa mwanamke kiende kwa mwanamke. Tunajua wapo watakaosema tumekosa haya. Tutafika huko.

Kwanza tukumbushane jambo ambalo sisi watu wa visiwani tunalijua lakini hatulitumii. Shanga za kiunoni zinapatikanaje? Zinatungwa kwa kiuno cha mwenyewe. Uzi unapitishwa kiunoni, unapimwa, ndipo chembe zinaingizwa. Hujasikia mtu amenunua shanga za "wa kiasi". Zikizidi zinateremka mapajani, zikipungua zinabana na kukatika. Bibi zetu walielewa kwamba pambo la ndani linakaa mwilini, na mwili lazima upimwe. Kanga nayo, mshonaji hakuikata umbo lolote. Ni kipande cha mraba mrefu, na mwanamke ndiye anayekipa umbo kwa namna anavyojifunga, kifuani, kiunoni, begani. Ndiyo maana hakuna mwanamke anayechukizwa na kanga na hakuna kanga inayomkataa mwanamke. Tulipoanza kununua nguo za ndani zilizoshonwa viwandani, tulizipokea nguo lakini ile hekima ya kupima tukaiacha nyuma.

Na dini yetu haikuliona vazi kuwa jambo dogo. Katika Surat al-Baqara, aya ya 187, mume na mke wamefananishwa na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Katika Surat al-A'raf, aya ya 26, nguo imetajwa kwa sitara na kwa pambo, vyote viwili, kisha ikatajwa nguo ya ucha Mungu kuwa ndiyo bora. Sisi tunaosoma aya hizo huku tunashika sindano tunaona jambo moja: vazi ni kitu kinachomkaa mtu. Kinachombana na kumchubua bado hakijawa vazi lake.

Haya, tushike futi ya fundi.

Simama wima mbele ya kioo, bila nguo au na kitambaa chepesi. Zungusha futi chini ya kifua, pale mkanda wa sidiria unapokaa, ibane kiasi na utoe pumzi. Andika. Kisha zungusha pale kifua kilipojaa zaidi, bila kubana. Mwenye kifua kizito ainame kidogo mbele ndipo apime, maana akisimama wima futi itamdanganya. Usipime siku zile za karibu na hedhi, kifua kinavimba. Sasa toa kile kidogo kwenye kile kikubwa. Tuseme chini umepata sentimita 76 na juu 93. Tofauti ni 17. Kwa hesabu ya Ulaya tofauti ya 12 mpaka 14 ni kikombe A, 14 mpaka 16 ni B, 16 mpaka 18 ni C, 18 mpaka 20 ni D, na inaendelea hivyo. Wewe basi ni 75C. Nguo hiyo hiyo ikiandikwa kwa namba za Uingereza ni 34C, na ikitoka Ufaransa itaandikwa 90C. Usishtuke ukikuta 90, hujanenepa njiani.

Namba ni mbavu, herufi ni kifua. Ukilielewa hilo tu, shoga, umeshaokoa pesa nyingi. Sidiria nyingi tunazokutana nazo madukani zimeandikwa namba peke yake, 34, 36, 38, bila herufi. Mwanamke mwenye mbavu nyembamba na kifua kikubwa anaingia dukani, 34 haimtoshi mbele, anaambiwa achukue 40. Mbele inamtosha kidogo, lakini nyuma inapanda mpaka kwenye mabega, kamba zinamkata, na mgongo unauma jioni. Anadhani ni uzito wa kifua chake. Uzito wa kifua unatakiwa ubebwe na mkanda unaozunguka mbavu. Kamba za mabegani ni za kusaidia tu. Mkanda ukilegea, kazi yote inahamia mabegani. Dada huyu hahitaji 40. Anahitaji 34 yenye herufi ya mbele zaidi, na kama haipatikani, achukue 36 na ampe fundi aipunguze mkanda nyuma, pale penye kulabu. Ni kazi ndogo kwa fundi anayejua nguo laini.

Sidiria mpya ijaribiwe kwa kulabu ya nje kabisa, ile ya kulegea. Lastiki ikichoka baadaye unahamia za ndani. Ukianzia ya ndani huna pa kuhamia. Inua mikono juu: ikipanda nayo, kubwa. Kifua kikimwagika pembeni au juu, kikombe kidogo. Kile kipande cha katikati, baina ya vikombe, kikae kifuani, kisiwe kinaelea hewani. Na waya, kama ina waya, uzunguke kifua chote usikikanyage.

Vipimo vyengine ni kiuno, nyonga pale palipojaa zaidi, bega kwa bega, na kutoka bega mpaka kisigino. Chupi inunuliwe kwa kipimo cha nyonga, kiuno kitakudanganya. Wenye nyonga wanajua tunachosema. Baibui za Ghuba nazo zina namba, 52, 54, 56, 58, na wengi wanadhani ni unene. Ile namba ni urefu kwa inchi, kuanzia begani. Mwanamke mfupi mnene akinunua 60 apate upana, atakuwa anafagia njia ya Mkunazini na upindo wake. Achukue urefu wake, kisha atazame upana kwa macho au amwambie fundi aongeze kipande ubavuni. Na XL ya nguo iliyokatwa kwa soko la China mara nyingi ni ndogo kuliko XL ya kutoka Uturuki au Ulaya. Herufi hizo hazina kadhi wa kuziamua, shika futi.

Tena kabla hatujaendelea tuseme mipaka, kusiwe na utata. Nguo inayotoa umbo tunayoizungumza hapa ni ya chumbani na ya ukumbi wa wanawake watupu. Ya njiani kazi yake ni nyengine, na Surat an-Nur, aya ya 31, imeshatutajia ni nani wa kuonyeshwa pambo. Baibui izuri ni ile inayokukaa mabegani na kukuteremkia vizuri bila kukuchora. Kukaa vizuri na kuchora mwili ni vitu viwili, na mwenye kushona anajua tofauti yake.

Sasa maumbo. Siku hizi kila mtu anataka "namba nane", juu pamejaa, katikati pamebonyea, chini pamejaa. Nguo nyingi za kulalia za dukani zimekatwa kwa umbo hilo. Mwenye nalo, mashallah, avae chochote tusimchoshe. Tuzungumze na sisi wengine.

Mwenye kifua kikubwa, jambo la kwanza ni kusahau zile sidiria za sponji nene. Zinaongeza pasipohitaji kuongezwa na joto la kaskazi litakumaliza. Tafuta yenye kikombe kinachofunika vizuri, iliyoshonwa kwa vipande viwili au vitatu vya kitambaa kisichonyumbuka sana, na kamba pana. Watu wanadhani nguo ya namna hiyo ni ya kizee. Si kweli, zipo za lesi nzuri sana, ila zinatafutwa. Kigauni cha kulalia kiwe na mshono chini ya kifua na sehemu ya juu inayobeba. Kigauni cha kamba nyembamba kisicho na kitu ndani kitakufanya ushike kifua usiku kucha, na bi harusi ana mambo mengine ya kufikiria. Kwenye dira na gauni la kushona, mwambie fundi akutie mkunjo mdogo chini ya kwapa, ili kitambaa kifuate kifua kisha kishuke. Bila mkunjo huo kitaning'inia kutoka kifuani kama turubai, na utaonekana una tumbo usilokuwa nalo.

Mwenye kifua kidogo anapewa sponji tangu skuli na anaambiwa hiyo ndiyo dawa yake. Tunapinga. Usiku wa harusi sponji inavuliwa, na kilichobaki ni kile alichokipa Mola wake. Kwa nini aanze kwa kuficha? Yeye ndiye anayependeza katika vitu ambavyo wengine hawaviwezi: vile visidiria laini visivyo na waya, lesi nyepesi, nguo ya kufunga shingoni, mgongo wazi. Hariri au satini iliyokatwa mshazari humlalia mwilini vizuri kabisa. Na kimbaumbau vilevile. Huyo tunampenda kwa vipande viwili, vyenye mkanda wa kufunga kiunoni au marinda chini, maana marinda humpa umbo. Kuna wanaomwambia ale maboga na maziwa mwezi mzima anenepe kabla ya siku. Mwili haunenepi kwa amri ya wifi.

Tumbo. Hapa pana siri nyingi na machozi mengi. Chupi fupi inayopita chini ya tumbo ndiyo adui, inalisukuma juu na kulionyesha zaidi. Vaa inayofika kitovuni au juu yake, ya kitambaa kinachonyumbuka, yenye lesi pembeni ukipenda. Kigauni kianzie kukaza chini ya kifua kisha kiachwe huru, kiishie katikati ya paja. Kisiishie pale penye upana mkubwa kuliko pote, kwa sababu jicho husimama pale pindo linaposimama. Koti jepesi la kulalia, refu, wazi mbele, linafanya kazi nzuri kwa sababu linateremsha mistari miwili mirefu pande zote mbili.

Mwenye nyonga na mapaja, chupi yake iwe imekatwa juu pembeni ya paja. Ile iliyokatwa moja kwa moja inamgawa paja na kumwachia alama. Pambo lote liwe juu, kifuani na mabegani, chini pawe na rangi moja. Na mchana ndani ya dira avae skintaiti ya pamba, kwa sababu mapaja yakisuguana katika joto letu hili yanachubuka, na bi harusi mwenye michubuko anatembea kama aliyepanda punda kutoka Makunduchi.

Wafupi, msiburuze. Kigauni juu ya goti, rangi moja juu mpaka chini, basi. Warefu, nyinyi ndio wenye yale magauni marefu ya satini.

Rangi tutasema moja tu. Ndani ya shela jeupe usivae sidiria nyeupe. Nyeupe ndani ya nyeupe inaonekana. Ivaliwe inayokaribia rangi ya ngozi yako mwenyewe, kahawia ya maji ya kunde au kahawia ya kahawa, vyovyote ulivyo. Ile rangi wanayoiita ya mwili kwenye paketi mara nyingi ni ya mwili wa Mzungu.

Na kwa kuwa tumeshalitaja shela. Mashela mengi ya visiwani ni ya kukodi, yamevaliwa na mabiharusi wengi na kila mmoja ametiwa pini nyuma. Ukienda kukodi, ulizia lenye kamba za kufunga mgongoni badala ya zipu. La kamba linapokea mwili wowote, linakazwa, linalegezwa. La zipu likikataa limekataa, na hapo ndipo wanapoletewa watu mikanda ya kubana tumbo.

Mikanda hiyo na "chai" za kupunguza mwili ndizo zinazotutia uchungu. Mwari ana wiki tatu kabla ya harusi, anaambiwa asile, afunge mkanda mpaka apumue kwa shida, anywe majani ya paketi isiyokuwa hata na jina la mtengenezaji. Anaendeshwa tumbo, anapungukiwa maji, anafika ukumbini amekaa juu ya kiti cha enzi macho yamemwingia ndani. Singo imesuguliwa, ngozi inanukia asumini, lakini mwenyewe hana nguvu ya kutabasamu. Kisa? Shela la kukodi. Badilisheni shela! Mwili ni amana, na nguo ya kukodi inarudi kwa mwenyewe Jumatatu.

Tukumbuke pia kwamba bi harusi si mwari peke yake. Wapo mabiharusi wajane, wapo walioachwa na wakapata wengine, wana miaka 40, 45, wamezaa wanne, wamenyonyesha, wana mshono wa upasuaji chini ya tumbo. Hao huletewa sanduku dogo na nguo za ndani kwa nadra, kana kwamba wao hawana fungate. Sisi tunaona wao ndio wanaohitaji kuchaguliwa kwa uangalifu zaidi. Katika mila zetu, miongoni mwa vinavyotolewa wakati wa kuoa kuna mkaja, na jina lake ni la ile nguo ambayo mama hufungwa tumboni anapojifungua. Yaani tumbo lililozaa limepewa heshima ndani ya harusi yenyewe, tena mbele ya wazee. Iweje mwenye tumbo hilo akiolewa yeye aone aibu nalo? Kifua kilichonyonyesha kinataka kikombe kilichokatwa kwa chini zaidi, kinachonyanyua kutoka chini, kwa sababu ujazo wa juu umepungua. Mshono wa upasuaji hautaki lastiki ngumu juu yake, kwa hivyo chupi ipande juu. Na yupo dada aliyeondolewa ziwa kwa maradhi. Fundi anaweza kushona mfuko mdogo wa pamba ndani ya kikombe, ukatiwa kitu laini chenye uzito kidogo ili mabega yasiende upande. Akivaa chumbani au asivae, hilo ni lake na la mume wake, lakini awe na la kuchagua.

Vitambaa, kwa ufupi. Lesi na nailoni ni za usiku, saa chache. Mchana, katika unyevu wa masika na joto la kaskazi, kitambaa kinachogusa sehemu za siri kiwe pamba. Madaktari wanatuambia hivyo kila siku kwa sababu ya fangasi, na sisi kila siku tunavaa nailoni. Nguo mpya zote zifuliwe kabla ya kuvaliwa, hata za sanduku, hata zikinukia dukani. Nguo za ndani za mitumba, tafadhali, hapana. Huko Bara TBS imeshazikataza. Na kuna tabia moja ya kwetu tunayoomba iishe: kuanika nguo za ndani chumbani nyuma ya mlango, kwa sababu ya kuona haya. Hazikauki, zinapata ukungu, kisha zinavaliwa. Zianike nje juani, ukizifunika kanga nyepesi juu yake. Jua linapita na jirani haoni.

Sasa lile la haya. Kuna mama aliyetuambia kwa ukali kwamba namba za kifua cha binti yake haziwezi kutoka nyumbani kwake. Tunamheshimu, na kwa upande mmoja tuko pamoja naye: zisiende kwa bwana harusi, zisipelekwe kwenye simu, zisiingie kundi la WhatsApp la harusi ambalo lina watu 80 na binamu zao. Lakini hizo nguo zitanunuliwa. Wifi atasimama dukani atazielezea nyonga za binti yako kwa mikono, hewani, mbele ya muuzaji, ambaye mara nyingi ni mwanamume. Hilo ndilo lenye haya? Karatasi ndogo yenye namba sita imesitiri zaidi kuliko mikono ile.

Wengine wanasema, basi bwana harusi atoe pesa tu, bi harusi ajinunulie. Hatuna ugomvi na hilo, na pengine ndiyo njia bora kwa nguo za ndani. Sanduku lije na kanga zake na udi wake, na bahasha ya hizo nguo nyengine. Wapo mawifi watakaonuna, kwa sababu kununua vitu vya sanduku ni starehe yao, na tunawaelewa. Basi waende pamoja na somo wa bi harusi. Seti saba pia si faradhi. Mbili au tatu zinazomkaa, na pesa iliyobaki ikanunua sidiria mbili nzuri za mchana, kwa sababu fungate ni siku saba na mgongo ni wa maisha.

Na bwana harusi? Yeye naye ana mwili. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba alikuwa akipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Kwa hivyo wakati mashangazi wanahangaika na lesi, kaka mtu amwambie ndugu yake anunue kikoi kipya, fulana zisizo na matundu, na avae kitu chenye saizi yake. Nani amempima yeye? Hakuna.

Kwa wenye harusi za mwezi ujao, utaratibu wenyewe ni huu. Somo ampime bi harusi sasa, kisha ampime tena wiki mbili kabla ya siku, maana wengine hupungua kwa wasiwasi. Namba za mara ya kwanza zitumike kumwambia fundi na mwenye mashela, namba za mara ya pili ndizo za nguo za ndani. Kikaratasi kisiandikwe jina. Shangazi akikunje, akitie ndani ya pochi, akampe wifi mkubwa mkononi, mkono kwa mkono, na wifi akishamaliza kununua akichane.